Ya maji au ya silikoni? Swali la binti lililomkuta mama jikoni

Jumamosi saa nne asubuhi mama alikuwa anachambua mchicha, binti yake anayesoma mwaka wa pili chuoni akavuta kigoda na kukaa karibu naye. "Mama, nina jambo, ila usinigombeze." Mzazi yeyote akisikia maneno hayo anajua moyo unavyoshuka. Huyu alishaanza kupiga hesabu ya miezi kabla binti hajamaliza sentensi.

Haikuwa mimba. Binti alitaka kuongeza matiti. Ameshaanza kuweka akiba, ameshaangalia video nyingi kwenye simu na ameshachagua. "Nitaweka ya maji, mama. Ya silikoni ndiyo yenye madhara. Ya maji hata yakipasuka ni maji tu."

Mama alikuwa na mengi ya kusema, akakosa la kuanza nalo. Aliyejibu ni mama mdogo, kutoka sebuleni. Alikuwa amefikia pale kwa sababu ya kliniki yake ya Jumatano. Ana miaka 41, watoto wawili, na titi moja. La kushoto liliondolewa kwa sababu ya saratani, na tangu hapo huweka kwenye sidiria kijimto alichokishona mwenyewe kwa pamba na kipande cha khanga. "Mwanangu," alisema, "na mimi nimeambiwa nichague. Hebu njoo hapa na hiyo simu yako."

Nyumba moja, swali moja, na wanawake wawili wenye sababu zisizofanana hata kidogo. Mzazi anayekutana na swali hili hukimbilia kusema "hapana" au kunyamaza. Vyote viwili humwacha mtoto na simu yake, na simu haina haya ya kuuza.

Ganda ni lile lile

Jambo ambalo binti hakulijua, na ambalo video nyingi hazilisemi, ni kwamba kipandikizi cha maji nacho kina silikoni. Ganda la nje, yaani mfuko wenyewe, hutengenezwa kwa silikoni kwa aina zote mbili. Tofauti iko kwenye kilichojazwa ndani. Kimoja kina maji ya chumvi yaliyotakaswa, yale yale ambayo mgonjwa huwekewa kwa dripu wodini. Kingine kina jeli ya silikoni, nzito na inayonata, ambayo kwa vipandikizi vya siku hizi hushikamana kiasi kwamba ukikata haimwagiki kama uji.

Kwa hiyo anayesema "mimi silikoni sitaki, nitaweka maji" atakuwa na silikoni mwilini vilevile.

Namna ya kuviweka inatofautiana. Cha maji huingizwa kikiwa kitupu, kimekunjwa, halafu daktari hukijaza kupitia mrija na valvu ndogo kikiwa tayari ndani ya mwili. Kwa sababu hiyo mchano wake huweza kuwa mfupi zaidi, na daktari anaweza kuongeza au kupunguza maji kidogo ili matiti yalingane. Hilo ni faida kwa mwanamke ambaye matiti yake hayalingani ukubwa, na wengi hayalingani. Cha silikoni huja kimeshajazwa kiwandani, hivyo huhitaji mchano mrefu zaidi, na saizi ikishachaguliwa imechaguliwa.

Saizi hupimwa kwa mililita. Zinazotumika sana ni kati ya mililita 200 na 400. Mama anayetaka kuelewa uzito wake achukue chupa mbili za soda za mililita 350, azishike kifuani na kutembea nazo mpaka dukani na kurudi.

Kwa mguso, wanawake wengi na madaktari wengi husema silikoni inakaribia zaidi titi la kawaida. Cha maji huwa kigumu zaidi kikijazwa sana, na kikijazwa kidogo hufanya mikunjo ambayo huonekana juu ya ngozi kama mawimbi madogo. Mikunjo hiyo huonekana zaidi kwa mtu mwembamba, asiye na nyama ya kutosha ya kufunika kipandikizi. Binti wa jikoni ni mwembamba. Ndiyo sababu anataka kuongeza, na ndiyo sababu ya maji aliyoyachagua yanaweza kumwonyesha zaidi kuliko anavyodhani.

Kikipasuka

Hapa binti alikuwa na hoja, ingawa haikuwa imekamilika.

Kipandikizi cha maji kikipasuka, mwanamke anajua. Titi hupungua ndani ya muda mfupi, pengine saa chache, pengine siku chache. Maji ya chumvi hunywewa na mwili na kutoka kama mkojo. Hayana sumu. Lakini ganda lililosinyaa hubaki ndani, na huhitaji upasuaji mwingine kulitoa. "Ni maji tu" ni kweli kwa maji. Kwa kisu, pesa na wiki za kupona si kweli.

Kipandikizi cha silikoni kikipasuka, mara nyingi hakuna anayejua. Mwili wa binadamu hujenga utando wa kovu kuzunguka kitu chochote kigeni unachoshindwa kukitoa, na jeli huweza kubaki humo humo ndani ya utando bila titi kubadilika umbo. Wataalamu huita hali hiyo mpasuko wa kimya. Ndiyo maana mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, inashauri mwenye vipandikizi vya silikoni apimwe kwa altrasaundi au MRI mwaka wa 5 au wa 6 baada ya kuviweka, kisha kila baada ya miaka 2 hadi 3, hata kama hana maumivu yoyote.

Mzazi asimame hapo kidogo. Kipimo cha MRI si cha bei ya kipimo cha malaria, na mashine zake haziko kila wilaya. Anayechagua silikoni anachagua pia kurudi kupimwa kwa miaka yote ambayo kipandikizi kitakuwa kifuani. Daktari asiyelitaja hilo siku ya kwanza amempa mteja nusu ya bei.

Yako mambo ambayo hayachagui aina. Ule utando wa kovu huweza kukaza na kubana kipandikizi. Madaktari huupima kwa ngazi 4, na kwenye ngazi ya 4 titi huwa gumu, hupoteza umbo na huuma. Maambukizi, ganzi kwenye chuchu na damu kukusanyika ndani hutokea kwa maji na kwa silikoni. Halafu liko suala la makovu ya kuvimba, keloidi, ambayo watu wenye ngozi nyeusi huyapata zaidi kuliko weupe, na kifua ni moja ya sehemu yanakopenda kuota. Kama kwenye ukoo kuna mtu ambaye sikio lilitokeza uvimbe baada ya kutogwa, daktari alijue hilo kabla ya kushika kisu.

Mama wa watoto sita wa Houston

"Hivi haya mambo alianza nani?" mama aliuliza, mchicha ukiwa umesahaulika kwenye ungo.

Alianza mama mwenye watoto sita. Mwaka 1962, katika mji wa Houston, Texas, Timmie Jean Lindsey alikwenda hospitali kuondolewa mchoro wa tattoo kifuani. Madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow walikuwa wamebuni mfuko wa silikoni wenye jeli, na walikuwa wameshaujaribu kwa mbwa. Wakamuuliza kama angekubali kuwekewa. Yeye alichokuwa anakitamani zaidi ni masikio yake yaliyochomoza yarekebishwe. Wakakubaliana na masikio pia. Miaka 50 baadaye bado alikuwa na vipandikizi hivyo, na waandishi wa habari walimfuata kumhoji akiwa bibi.

Vipandikizi vya maji ya chumvi vilifuata miaka michache baadaye, vikitokea Ufaransa. Kwa muda mrefu hakuna mamlaka iliyodai ushahidi mzito wa usalama wake. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 wanawake wengi Marekani walikuwa wamekwenda mahakamani wakisema silikoni imewapa maradhi ya viungo na ya kinga ya mwili. Mwaka 1992 FDA ilizuia vya silikoni visiwekwe kwa ajili ya urembo, ikaviacha kwa wagonjwa wa kurekebishwa titi na kwa utafiti. Kampuni ya Dow Corning, iliyotengeneza vile vya mwanzo, iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 1995 kwa uzito wa kesi. Hapo ndipo maji yalipopata sifa ya usalama, na sifa hiyo bado inazunguka kwenye simu za mabinti wa leo.

Ambacho hakikuzunguka sana ni kilichofuata. Mwaka 1999 jopo la wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya Marekani lilitoa ripoti ndefu iliyosema ushahidi hauonyeshi kwamba silikoni ndiyo iliyosababisha maradhi yale makubwa, ila matatizo ya titi lenyewe, kama kupasuka, kukaza na kurudi kwenye upasuaji, ni ya kweli na ni mengi. Mwaka 2000 FDA iliidhinisha vya maji, na mwaka 2006 ikaruhusu tena vya silikoni.

Iliruhusu kwa masharti ya umri. Kwa kuongeza ukubwa, vya maji ni kuanzia miaka 18. Vya silikoni ni kuanzia miaka 22. Kwa anayerekebishwa baada ya saratani au ajali, hakuna kikomo hicho. Matiti ya msichana huweza kuendelea kukua mpaka mwanzoni mwa miaka ya 20, na binti wa jikoni ana miaka 20 kasoro miezi mitatu. Mama hakuwa na haja ya kugombeza. Alisoma tarakimu hizo mbili kwa sauti, akarudi kwenye mchicha wake.

Kampuni iliyouza jeli ya viwandani

Maji dhidi ya silikoni si vita pekee. Kuna swali la nani amekitengeneza.

Huko kusini mwa Ufaransa kulikuwa na kampuni iitwayo Poly Implant Prothèse, maarufu kwa kifupi PIP, iliyoanzishwa na Jean-Claude Mas. Mwaka 2010 iligundulika kwamba ilikuwa ikijaza vipandikizi vyake jeli ya silikoni ya viwandani, isiyoidhinishwa kuwekwa mwilini, kwa sababu ni rahisi. Vilikuwa vimeuzwa kwa wanawake wapatao 300,000 katika nchi 65. Mwishoni mwa mwaka 2011 serikali ya Ufaransa iliwashauri wanawake wake wavitoe, na mwaka 2013 Mas alihukumiwa kifungo cha miaka 4 kwa udanganyifu.

Taharuki ilipoanza, wanawake wa nchi nyingi waligundua hawajui wamewekewa kitu gani. Hawakuwa na karatasi. Kipandikizi halali huja na kadi yenye jina la mtengenezaji, aina, ukubwa na namba yake ya kipekee, na kadi hiyo ni ya mgonjwa, si ya hospitali. Anayesafiri kwenda India au Uturuki kwa ajili hii, na wako wanaokwenda, arudi nayo. Ikae pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Na kwa wale wanaoamini kwamba kitu cha asili hakina madhara: miaka ya 1990 kulikuwa na vipandikizi vilivyojazwa mafuta ya soya. Viliondolewa sokoni Uingereza mwaka 1999, na mwaka uliofuata wanawake waliokuwa navyo wakaambiwa wavitoe.

Laini au chenye mikwaruzo

Hili lilimfanya mama mdogo aweke kikombe chini.

Uso wa nje wa ganda unaweza kuwa laini kama puto, au ukawa na mikwaruzo kama msasa mwepesi ili kishikane na nyama na kisizunguke. Mwaka 2011 FDA ilitangaza kwamba huenda kuna uhusiano kati ya vipandikizi na saratani adimu ya chembe za kinga, aina ya limfoma, inayoota kwenye ule utando wa kovu. Si saratani ya titi lenyewe. Kadiri ushahidi ulivyoongezeka, ilionekana kwamba inawapata zaidi wenye vipandikizi vya mikwaruzo. Julai 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya mikwaruzo vya BIOCELL, vya silikoni na vya maji pia.

Maji hayakumkinga mtu hapo. Kwa ugonjwa huo, uso wa ganda una uzito kuliko kilichomo ndani. Dalili yake kubwa ni titi kuvimba au kujaa majimaji, mara nyingi miaka mingi baada ya upasuaji, wakati mwanamke ameshasahau. Ikigundulika mapema, wengi hupona kwa kutolewa kipandikizi pamoja na utando wake. Ikichelewa, huua.

Liko na kundi la wanawake wanaolalamika uchovu usioisha, viungo kuuma, nywele kunyonyoka na kusahau sahau, na baadhi yao hupata nafuu vipandikizi vikitolewa. Sayansi haijapata kipimo cha hali hiyo, lakini tangu Oktoba 2021 FDA imetaka onyo liwekwe ndani ya kisanduku kwenye maelezo ya vipandikizi vyote, vya maji na vya silikoni, likitaja dalili hizo, limfoma, na neno ambalo wauzaji walikuwa hawalipendi: kwamba hivi si vifaa vya maisha yote.

Wajukuu watanyonya?

Mama aliliuliza hili kwa sauti ya chini, kana kwamba wajukuu walikuwa chumba cha pili.

Wengi wenye vipandikizi hunyonyesha. Inategemea zaidi mahali pa mchano kuliko kilichojazwa ndani. Mchano unaopita kwenye duara jeusi la chuchu huweza kukata mirija ya maziwa na mishipa ya fahamu, na mama akapata maziwa pungufu. Mchano wa chini ya titi au wa kwapani huwa na nafuu zaidi kwa hilo. Binti ambaye hajazaa amwambie daktari wazi kwamba anatarajia kunyonyesha, maana daktari hawezi kuotea.

Je, silikoni huingia kwenye maziwa? CDC ya Marekani inasema hakuna taarifa za kitabibu za watoto kupata matatizo kwa sababu ya mama kuwa na vipandikizi vya silikoni. Watafiti waliowahi kupima walikuta kiwango cha madini ya silikoni kwenye maziwa ya akina mama hao hakitofautiani sana na cha wengine, na maziwa ya ng'ombe na ya kopo yalikuwa na kiwango cha juu zaidi. Kwa upande huu mama anaweza kulala usingizi.

Ujauzito na kunyonyesha hubadilisha titi hata hivyo, liwe na kipandikizi au lisiwe nacho. Umbo analolilipia mtu akiwa na miaka 20 halitakuwa lile lile baada ya mtoto wa pili.

Na baadaye maishani kuna mamogramu, kile kipimo cha saratani ya titi. Kipandikizi cha aina yoyote huweza kuficha sehemu ya nyama, kwa hiyo mpiga picha huhitaji kupiga picha za ziada huku akikisukuma nyuma. Lazima aambiwe kabla. Kwenye ukoo ambao mama mdogo ameshaugua, hili si jambo la kupuuza. Binti alikuwa hajawahi kuunganisha mambo hayo mawili, titi la mama mdogo na yeye mwenyewe. Ilionekana usoni.

Hesabu ya kikoba

Baba alirudi saa saba. Alipoelezwa mada, alitoka nje kuangalia gari ambalo halikuwa na tatizo lolote. Akina baba wengi wangefanya hivyo, na si sifa. Baadaye alirudi na swali moja zuri kuliko yote: "Yanadumu miaka mingapi?"

Kwa takwimu ambazo FDA ilizitoa mwaka 2011, katika kila wanawake 5 walioongeza matiti kwa urembo, mmoja hufikia kuyatoa ndani ya miaka 10. Kwa waliorekebishwa baada ya saratani, ni mmoja kati ya 2. Bei ya leo, kwa hiyo, si bei ya mwisho. Vya maji kwa kawaida ni rahisi kuvinunua kuliko vya silikoni, na havidai MRI ya kutafuta mpasuko wa kimya, lakini upasuaji wa kubadilisha ni upasuaji: chumba, dawa ya usingizi, daktari, kukaa bila kubeba ndoo wala mtoto kwa wiki kadhaa.

Binti alichukua daftari akaandika. Akiweka akiwa na miaka 20, huenda akarudi mezani akiwa na 30, pengine ana watoto wawili wadogo na ada ya chekechea. Huenda akarudi tena akiwa na 40 na kitu. Akiba yake ya sasa, aliyoipata kwa kuuza losheni na mitandio chuoni, haifiki hata upasuaji wa kwanza. Hakuna aliyemwambia acha. Alichora mstari chini ya hesabu na kukaa kimya.

Kuna jambo moja ambalo wazazi hulisahau wakishaingia kwenye takwimu: kumuuliza mtoto kwa nini. Mama huyu aliuliza usiku, wawili hao wakiwa wamebaki peke yao. Jibu lilikuwa la mvulana mmoja na maneno aliyoyasema mbele ya wenzake. Kipandikizi chochote kati ya hivyo viwili hakijatengenezwa kwa kazi hiyo, na madaktari makini wa upasuaji huuliza swali lilelile kabla ya kukubali kupasua.

Ya mama mdogo ni mengine

Kwa aliyeondolewa titi, uchaguzi haufanani na wa binti. Hakuna nyama iliyobaki ya kufunika kipandikizi, ni ngozi nyembamba na msuli. Mara nyingi daktari huanza kwa kuweka puto tupu chini ya ngozi au msuli, kisha hulijaza maji ya chumvi kidogo kidogo kwa sindano, kliniki baada ya kliniki, mpaka ngozi itanuke. Baadaye puto hutolewa na kipandikizi huwekwa. Kwa sababu ngozi ni nyembamba, mikunjo ya kipandikizi cha maji huonekana kirahisi, na ndiyo maana madaktari wengi hapo huegemea silikoni.

Lakini mama mdogo alipigwa mionzi. Mionzi hukaza ngozi na kuongeza uwezekano wa utando kubana, maambukizi na kidonda kugoma kupona, iwe maji au silikoni. Kwa wanawake wa namna yake, kuna njia ya kutumia nyama ya mwili wake mwenyewe, ya tumbo au ya mgongo, kutengeneza titi. Ni upasuaji mrefu, wenye makovu mawili, unaohitaji daktari aliyebobea, ila haudai kubadilishwa kila baada ya miaka. Huko Marekani sheria ya mwaka 1998 inazilazimisha bima zinazolipia kuondolewa titi zilipie na kurekebishwa kwake. Mama mdogo aliposikia hilo alicheka kicheko kifupi tu.

Kuna pia njia ya tatu ambayo hutajwa haraka haraka kana kwamba ni ya walioshindwa: titi la nje la silikoni, linalovaliwa ndani ya sidiria. Lina uzito unaokaribia wa titi lenyewe, kwa hiyo bega halivutwi upande mmoja, na jioni linavuliwa na kuoshwa kwa sabuni. Hakuna kisu. Wako wanawake waliokaa na hilo miaka mingi na hawana hamu ya kitu kingine. Wako wengine ambao hawataki lolote, wanatembea na upande mmoja bapa, na waume zao na watoto wao wameshazoea.

Mama mdogo alikiri kitu ambacho alikuwa hajamwambia hata dada yake. Hakuwa anatafuta urembo. Mtoto wake mdogo, mwenye miaka 6, ameacha kumlalia kifuani tangu alipoondolewa titi. Humlalia begani. "Nataka tu nijue," alisema, "kama nikiweka la silikoni, litakuwa na joto?"

Dada yake hakujua la kumjibu. Kipandikizi hupata joto la mwili kilichomo, lakini kwenye baridi huchelewa kupata joto, na wanawake wengi husema hukihisi cha ubaridi. Ngozi ya juu yake kwa kawaida huwa na ganzi. Mtoto atasikia joto la mama. Mama huenda asisikie kichwa cha mtoto.

Usiku ule binti alifungua sehemu ya maandishi kwenye simu yake na kumwandikia mama mdogo maswali ya kwenda nayo. Alama ya juu aliiweka kwenye mionzi: imepita miezi mingapi, na je, ingoje zaidi? Ngozi yake inafaa puto au nyama ya tumbo? Kama ni kipandikizi, ganda ni laini au lenye mikwaruzo, la kampuni gani, na kadi atapewa? MRI ya kufuatilia itafanyika wapi na kwa pesa ya nani? Kikiharibika, nani atakitoa? Daktari mwenyewe amefanya wangapi kama yeye, na anaweza kuona picha zao, zikiwemo za waliopata matatizo?

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi walipanda daladala pamoja, binti akiwa amebeba bahasha ya vipimo. Foleni ilikuwa ndefu. Ilipofika zamu yao, mama mdogo alimwamkia daktari, akakaa, akampa binti ishara ya kusoma. Binti alianza na swali ambalo halikuwa kwenye orodha, la joto.

Daktari aliweka kalamu chini na kuvuta kiti karibu.